Jina Lisilochaguliwa: Uhakiki wa Dhana ya Kumchagulia Mtoto wa Mwami Jina la Jadi

1. Utangulizi

Tarehe 22 Julai 2013 alizaliwa London mtoto wa kiume katika ukoo wa kifalme wa Uingereza. Kwa siku mbili jina lake halikujulikana, na watu walilichezea kamari hadi tarehe 24, lilipotangazwa kuwa George Alexander Louis. Msemaji wa Kiswahili anayesimulia habari ya namna hiyo hutumia kitenzi kilicho karibu zaidi na ulimi wake: wazazi "wamechagua" jina. Kwa habari ya London kitenzi hicho kinatosha. Lakini tumekizoea kiasi kwamba tunakihamishia kila mahali, pamoja na mahali ambapo hakitoshi.

Makala haya yanakusudia kukihakiki kitenzi hicho kinapotumika kwa mtoto wa mwami miongoni mwa Bayira, yaani Wanande wa Butembo, Beni na Lubero, pamoja na jamaa zao Wakonzo wa upande wa pili wa mlima Ruwenzori, nchini Uganda. Siku hizi si ajabu kusikia watu wakijadiliana ni "jina gani zuri la jadi" linalomfaa mtoto wa nyumba ya kitawala, kana kwamba majina ya jadi yamepangwa sokoni na mwenye fedha huchukua lenye maana ya kupendeza. Kwa maoni yetu, swali lenyewe limekosewa. Jina la jadi la mtoto wa mwami kwa Bayira halichaguliwi, bali huhesabiwa. Kinachoachiwa hiari ya watu ni jina jingine, la pili, nalo ndilo tunaloliacha lipotee.

2. Jina linalohesabiwa

Kila mwenyeji wa Butembo anaujua utaratibu huu, ingawa si kila mmoja amewahi kuuwazia. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, na hesabu huendelea kwa majina kama Kavugho, Kahambu na Katungu. Anapozaliwa mtoto wa jinsia nyingine baada ya mfululizo wa jinsia moja, huitwa Muhindo akiwa mvulana au Kahindo akiwa msichana, majina yanayotaja badiliko lililotokea. Hivyo jina huwa tayari kabla ya mimba kukomaa. Kinachosubiriwa ni jinsia tu.

Utaratibu huu una mambo mawili yanayohusu mada yetu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba haubagui cheo. Kifungua mimba wa kiume wa mkulima wa viazi na kifungua mimba wa kiume wa mwami huitwa kwa jina lile lile. La pili ni kwamba hesabu hufuata tumbo la mama. Baba mwenye wake watatu anaweza kuwa na Mumbere watatu, wala hakuna anayeliona hilo kuwa kosa, kwa kuwa kila mmoja ni wa kwanza kwa mama yake.

Matokeo ya jambo hili la pili katika nyumba ya mwami ni makubwa. Randall Packard, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu historia ya utawala wa Bashu, ambao uko katika wilaya ya Beni, ameonyesha nafasi ya pekee aliyokuwa nayo mke wa kimila wa mwami, aitwaye mombo, katika suala la urithi. Ikiwa nyumba ina wake kadhaa, jina la mpangilio haliwezi kumtaja mrithi. Linasema tu kwamba mtoto huyu ni wa ngapi kwa mama yake. Ili kujua nani atashika kiti, yafaa kujua mama ni nani, alioolewaje, na wazee wa ukoo wamekubaliana nini. Anayedhani kwamba "Mumbere" ni jina la kifalme kwa sababu tu mfalme mmoja maarufu analo, amechukua hesabu ya uzazi akaifanya taji.

Msomaji wa Kiswahili asiuone utaratibu huu kuwa mgeni. Lugha yetu nayo ina Mosi, Pili na Tatu, na kutoka bara imepokea Kurwa na Doto kwa mapacha. Tofauti ni kwamba Mswahili humwita mwanawe Pili akitaka, na asipotaka humwita Asha. Kwa Bayira wa jadi mlango huo wa kutotaka haukuwapo.

3. Jina la kiti

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kama mtoto wa mwami anaitwa sawasawa na mtoto wa jirani, ufalme unaonekana wapi katika jina? Jibu ni kwamba hauonekani utotoni. Huonekana siku ya kutawazwa, pale mtu anapopewa jina la kiti. Hilo nalo, katika nchi nyingi za Maziwa Makuu, lina hesabu yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Rwanda. Kwa mapokeo ya huko, majina ya utawala yalizunguka kwa zamu: Mutara au Cyirima, kisha Kigeri, kisha Mibambwe, kisha Yuhi, halafu mzunguko ukaanza upya. Kila jina lilikuja na kazi na miiko yake. Kwa hiyo baada ya Kigeri IV Rwabugiri alikuja Mibambwe IV Rutarindwa, akafuata Yuhi V Musinga. Mwaka 1931 utawala wa Kibelgiji ulimwondoa Musinga kwa nguvu, lakini hata mwanawe aliyewekwa mahali pake aliitwa Mutara III Rudahigwa, kama zamu ilivyotaka. Mkoloni aliweza kuchagua mtu, lakini hakuchagua jina. Kigeri V Ndahindurwa alitawazwa mwaka 1959, ufalme ukafutwa mwaka 1961, naye akafa uhamishoni Marekani mwaka 2016. Januari 2017 mrithi wake alipotangazwa huko ughaibuni, aliitwa Yuhi VI. Mwenye kujua zamu atatambua mara moja kwamba baada ya Kigeri ilikuwa nafasi ya Mibambwe. Hatuingii katika mjadala wa uhalali wa tangazo hilo. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba jina la kiti huweza kusomwa na kuhojiwa na watu, kwa sababu lina kanuni. Jina lililochaguliwa kwa uzuri wake halihojiwi, kwa kuwa halikuahidi lolote.

Batooro, majirani wa Wakonzo, wana njia nyingine. Kila mtoto hupewa jina la heshima, empaako, kutoka orodha fupi ya majina yasiyozidi kumi na mawili: Abwoli, Akiiki, Amooti, Araali na mengineyo. Hapo kweli kuna kuchagua, lakini ndani ya boma, na jina moja, Okaali, limewekewa mfalme peke yake. Desturi hiyo iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Rwanda ina zamu, Tooro ina orodha, Bayira wana hesabu. Katika zote tatu ufalme na jina vimefungwa pamoja kwa kanuni ambayo hata mfalme mwenyewe hakuitunga.

4. Jina moja kama matini

Tuchukue sasa jina moja na kulihakiki kama tunavyohakiki shairi: Charles Wesley Mumbere Irema-Ngoma, Omusinga wa Rwenzururu. Ni jina la tabaka tatu, na kila tabaka lina mwandishi wake.

Tabaka la kwanza liliandikwa na misheni. Charles Wesley, aliyeishi kati ya 1707 na 1788, alikuwa mtunzi mkubwa wa nyimbo za Wamethodisti wa Uingereza. Baba wa Omusinga, Isaya Mukirania, alikuwa mwalimu wa shule, naye mwenyewe alikuwa na jina la nabii. Tabaka hili ndilo pekee ambalo kwa hakika lilichaguliwa na wazazi, na ajabu ni kwamba ndilo lisilo la jadi.

Tabaka la pili, Mumbere, liliandikwa na tumbo la mama. Linasema tu kwamba alikuwa wa kwanza.

Tabaka la tatu, Irema-Ngoma, liliandikwa na kiti. Baba yake aliongoza Wakonzo na Waamba waliojitenga na ufalme wa Tooro mwaka 1962, akatawala kwa jina la Kibanzanga. Alipofariki mwaka 1966, mwanawe aliyekuwa na miaka kumi na mitatu alitawazwa milimani. Hata asiyejua Kikonzo hulitambua neno la mwisho katika jina hilo. Ngoma ni alama ya utawala tangu Kalinga ya Rwanda na Karyenda ya Burundi hadi milimani kwetu, na kwa maana hiyo Kiswahili hakihitaji mkalimani.

Maisha ya mtu huyu yameonyesha kwamba tabaka hizi zinaweza kutenganishwa. Mwaka 1982 alishuka mlimani na wapiganaji wake wakaweka silaha chini. Mwaka 1984 alikwenda Marekani kusoma, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, mwishowe katika mji wa Harrisburg, Pennsylvania. Huko alikuwa Charles Mumbere tu. Mumbere lilisomwa kama jina la ukoo, na Irema-Ngoma halikuitwa na mtu yeyote kazini. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilipoutambua ufalme, alirudi, na tarehe 19 Oktoba mwaka huo jina lililokuwa kimya likatamkwa hadharani. Novemba 2016 ikulu yake ya Kasese ilishambuliwa na majeshi ya serikali, zaidi ya watu mia moja wakauawa, naye akakamatwa. Mashtaka yalifutwa mwaka 2023 na akarejea Kasese. Kila kipindi cha maisha yake kililitumia tabaka moja na kulinyamazisha jingine.

Tazama pia kwamba mdogo wake, aliyewahi kuwa waziri nchini Uganda, anajulikana kama Christopher Kibanzanga. Ndugu mmoja amebeba hesabu ya uzazi kama jina la ukoo, mwingine amebeba jina la kiti la baba yao. Mwandishi wa habari asiyejua kanuni atadhani ni watu wa familia mbili.

5. Sikio la Kiswahili

Ni haki sasa tujihakiki wenyewe, sisi tunaoandika Kiswahili. Kiswahili kina mazoea matatu yanayoyapotosha majina haya.

Zoea la kwanza ni kulisikia jina kwa msamiati wetu. Masika kwetu ni majira ya mvua. Kwa kuwa mapokeo ya Bashu humhusisha mwami na mvua na rutuba ya ardhi, ni rahisi mno kutunga simulizi tamu kwamba binti wa mwami aliitwa Masika kwa sababu alizaliwa wakati wa mvua. Simulizi hiyo haina msingi: Masika ni binti wa kwanza, hata akizaliwa wakati wa kiangazi kikali. Vilevile Katembo hana uhusiano na tembo wa porini, kwa kuwa Kinande humwita mnyama huyo kwa neno jingine kabisa. Ushahidi uko ng'ambo ya mpaka, ambako jina hilo hilo ni Thembo.

Zoea la pili linahusu kiambishi ka-. Katika Kiswahili cha Kongo ka- ni kiambishi cha udogo: katoto, kanyumba. Hivyo msikilizaji hudhani kwamba Kambale, Kasereka na Kakule ni majina ya kudunisha, na kwamba hayamfai mtoto wa mwami. Tukilinganisha na Uganda tunapata jozi hizi: Kambale na Bwambale, Kasereka na Masereka, Kakule na Kule, Katembo na Thembo. Kwa upande wa wanawake: Kavira na Biira, Kavugho na Kabugho, Kahambu na Mbambu, Katungu na Ithungu. Shina ndilo linalobeba nafasi katika hesabu, na kiambishi hubadilika kwa desturi ya mahali. Kumbadilishia mtoto jina ili kumwondolea "udogo" ni kurekebisha kosa ambalo halimo katika jina, limo sikioni mwetu.

Zoea la tatu ni la vyeo. Redio zetu husema "usultani wa Bashu", ingawa pale hakuna sultani bali mwami. Neno hilo tumelirithi kutoka nyakati za wafanyabiashara wa pwani. Kulitumia si dhambi, lakini linaleta nalo picha ya nyumba ya kitawala ambamo baba humchagulia mwanawe jina la babu mtukufu, Said au Khalifa. Ukianza na sultani, utaishia na kuchagua.

6. Karatasi na hasara

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni malumbano ya wanaisimu. Sivyo. Hasara iko mahali pengine, katika karatasi.

Mwaka 1972 Mobutu aliwaamuru raia waache majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ikasisitiza kwamba majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa taifa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kurudisha jadi. Lakini fomu ilitaka jina la kwanza lililo kama jina la ukoo, na kwa Bayira wengi lililowekwa hapo lilikuwa jina la mpangilio. Kambale, ambalo lilikuwa jibu la swali "wewe ni wa ngapi?", likawa jibu la swali "wewe ni wa nani?". Wanaohamia Ulaya hupata tabu zaidi, kwa sababu huko mtoto hurithi jina la baba. Binti wa kwanza, ambaye nyumbani angekuwa Masika, anaandikwa Kambale, yaani mvulana wa pili.

Na jina la pili je? Hili ndilo lililochaguliwa kweli: la babu aliyefariki, la tukio lililoikuta nyumba, la shukrani au la kilio. Tazama majina ya watu wanaofahamika: Melchisédech Sikuli Paluku, aliyefanywa askofu wa Butembo-Beni mwaka 1998, au Kambale Kavutirwaki, mmoja wa watunzi wa kamusi ya Kinande iliyotoka mwaka 2012. Sikuli na Kavutirwaki ndizo sehemu zinazomtofautisha mtu na maelfu ya kina Paluku na kina Kambale. Lakini katika mazungumzo ya kila siku na katika orodha za haraka, sehemu hiyo ndiyo inayoachwa kwanza.

Katika wakati wa amani, hasara hiyo ni ya historia ya ukoo. Wakati wa msiba ni kubwa zaidi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuenea katika wilaya ya Beni, orodha za marehemu na za wakimbizi zimekuwa sehemu ya maisha yetu. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na majirani zake, na kazi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa ilitegemea majina. Orodha yenye "Kasereka, mwanamume" haimtaji mtu, inataja nafasi. Mama anayemtafuta Kasereka wake anaweza kulipata jina lake pale asipokuwapo mwanawe, au asilitambue pale alipo.

Pana hoja moja ya kupinga ambayo tunaiheshimu. Wazazi vijana husema kwamba majina ya mpangilio yamekuwa mengi mno, na kwamba wanataka mtoto wao ajulikane kwa jina lake peke yake. Haja hiyo ni ya haki. Lakini jadi ilikwisha kuiona ikaipa mahali pake, ndilo jina la pili. Wanaoliondoa Kasereka ili kuweka neno lenye maana nzuri waliloliokota katika kamusi wanapoteza mara mbili, kwani mtoto hana tena nafasi kati ya ndugu zake, wala hana jina la mtu wa ukoo wake.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usemi "kumchagulia mtoto wa mwami jina la jadi" unachanganya mambo matatu: jina la mpangilio, ambalo huhesabiwa na ni la watu wote, jina la pili, ambalo hutolewa na ukoo, na jina la kiti, ambalo husubiri kutawazwa. Tunapendekeza mambo matatu kwa waandishi, watafsiri na walimu wa Kiswahili katika eneo letu.

Kwanza, tuviweke vitenzi mahali pake. Mtoto huitwa Mumbere, ukoo humpa jina la pili, na mwami hutawazwa kwa jina la kiti. "Kuchagua" tukiachie jina la ubatizo na habari za London. Pili, tusifasiri jina la Kinande kwa kamusi ya Kiswahili kabla hatujawauliza wenyewe, hata pale tunapodhani tumelitambua. Tatu, na hili ni la haraka zaidi, kila anayeandika orodha, awe mwalimu, karani, muuguzi au katekista, aandike jina la pili hata kama mwenyewe hakulitaja, na aulize pia jina la mama, kwa kuwa hesabu nzima huanzia kwake.

Kuhusu mtoto wa mwami atakayezaliwa kesho, wazee wa Bashu au wa Kasese hawana haja ya ushauri wetu. Akiwa mvulana wa kwanza kwa mama yake, jina lake la kwanza limeshajulikana. Kazi iliyobaki kwa ukoo wake ni kuamua atabeba jina la marehemu gani, na kazi iliyobaki kwetu ni kuliandika lote.